Fahamu: Plei-aksheni, hila ya kuigiza mbio katika mpira wa Kimarekani

Plei-aksheni ni mpango wa shambulizi ambapo kwotabeki, mchezaji anayeongoza shambulizi, hujifanya anamkabidhi mkimbiaji mpira, kumbe anabaki nao na kurusha pasi. Wacheza soka wa Masasi na Newala wanaijua hila ya aina hii: kwenye faulo, mmoja anaruka mpira, mwenzake anapiga.

Inasukwaje?

Mlengwa ni lainibeka, mlinzi wa safu ya pili. Akisogea mbele kuzuia mbio, nyuma yake panabaki uwazi, na mpokeaji anaingia hapo. Lakini lainibeka mzoefu hadanganyiki kwa mikono ya kwotabeki peke yake; husoma miendo ya wachezaji wa safu ya mbele wanaomkinga kwotabeki. Basi nao lazima waigize, ila NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, inawakataza kuvuka yadi 1 mbele ya mstari wa kuanzia mchezo kabla pasi haijarushwa. Hapo ndipo makocha huumiza vichwa.

Lazima timu ikimbie sana kwanza?

Makocha wengi huamini hivyo. Lakini wachambuzi wa takwimu za NFL hawakuona uhusiano wa maana kati ya wingi wa mbio na mafanikio ya hila hii, na hoja yao ina uzito: lainibeka amefunzwa kuikimbilia dalili yoyote ya mbio.

Afrika Mashariki inaingiaje?

Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga akasajiliwa na timu ya NFL, Indianapolis Colts, mwaka 2013, nafasi yake lainibeka. Yaani alikabidhiwa kazi inayolengwa na hila hii.

Kwa nini sasa?

Aina ya mchezo huu isiyo na kuangushana, ya kunyofoa vitambaa kiunoni, itachezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028, wachezaji 5 kila upande.