Mafuta ya Zeituni: Ya Kweli na ya Uongo

Zeituni ni mti uliotukuzwa. Mwenyezi Mungu ameuapia katika Suratut-Tin, na katika Suratun-Nur ameyataja mafuta yake katika mfano wa nuru. Naye Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwausia umati wake wayale na wajipake. Kwa hiyo si ajabu kuwa Mwislamu akilisikia jina hilo moyo wake hulegea, na mkono wake huenda mfukoni upesi. Walakini hapo ndipo mwenye hila anapomngojea.

Yalitufika sisi wenyewe hapa Kaniha. Siku chache kabla ya Ramadhani tulinunua mnadani chupa ya "zeituni" kwa mtu mwenye kanzu na kofia, tena mwingi wa salamu. Chupa ilikuwa ya plastiki, iliyokwisha tumiwa kwa maji ya kunywa, haina karatasi yo yote. Mama watoto akanusa kizibo, akasema, "Mwalimu, haya yamekwisha kaanga samaki." Tukamkemea asimdhanie vibaya ndugu Mwislamu. Jioni ya mfungo wa kwanza, sufuria ilipopata moto, nyumba nzima ikanuka samaki. Ilitupasa kumwomba radhi mbele ya watoto, kwani mbele yao ndipo tulipomkemea.

Sisi tulipata aibu tu. Wengine walipata msiba. Katika mwaka 1959, huko Meknes katika nchi ya Morocco, wafanya biashara walichanganya mafuta ya kula na mafuta ya mitambo ya ndege. Watu wapatao 10,000 walipooza viungo. Katika mwaka 1981 nchini Hispania, mafuta yaliyotengenezwa kwa kazi za viwandani yaliuzwa kama mafuta ya zeituni. Watu wapatao 20,000 waliugua, na mamia wakafa. Wengi wao walikuwa watu wa kipato kidogo waliotafuta bei nafuu.

Basi, msomaji wetu, tazama haya kabla ya kutoa fedha yako.

Kwanza, soma chupa. Maneno "Extra Virgin" maana yake ni mafuta yaliyokamuliwa kwa mashine tu, bila dawa, na asidi yake haizidi gramu 0.8 katika kila gramu 100. Yakiandikwa "Olive Oil" peke yake, ni mafuta yaliyosafishwa kiwandani, yakatiwa kidogo ya yale ya kwanza. "Pomace" hutolewa katika makapi kwa dawa, kisha husafishwa. Hayo yote yaweza kuliwa, lakini usilipe bei ya la kwanza ukapewa la mwisho. Na neno "Light" ni habari ya ladha na rangi. Mafuta ni yale yale.

Pili, tazama chombo. Mwanga, joto na hewa huharibu mafuta; chagua chupa ya kioo cheusi au kopo, iliyozibwa vema, yenye tarehe na jina la mtengenezaji. Hapa Tanzania, tangu mwaka 2019, usimamizi wa ubora wa vyakula uko kwa Shirika la Viwango, TBS. Na vichupa vya kupaka nywele na ngozi visiingie jikoni, kwa kuwa huenda vimetiwa manukato.

Tatu, onja. Mafuta mapya hunukia majani mabichi au matunda, yana uchungu kidogo, na huwasha koo kama pilipili manga. Yakinuka kama karanga za zamani, yamechacha. Rangi si shahidi, wala kuganda kwa baridi si shahidi, kwa maana mafuta mengine nayo huganda. Tena kuna udanganyifu usiojulikana kwa ulimi, ila kwa maabara. Kwa hiyo nunua kwa mwenye duka ambaye kesho utamkuta pale pale.

Katika mapishi ya kila siku, mafuta hayo yafaa kwa mchuzi, mboga na maharagwe. Yakianza kutoa moshi, moto umezidi.

Na asiyeweza bei yake asikope. Alizeti safi ya Singida au mawese safi ya Kigoma ni riziki ya halali, nayo ni bora mara mia kuliko zeituni ya uongo.

Neno la mwisho ni kwa wauzaji. Bwana Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, vidole vikakuta umaji uliofichwa chini. Alimwuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone, na akamkana kila mwenye kughushi. Hakuuliza amevaa nini. Nasi siku ile mnadani tuliitazama kanzu, hatukuutia mkono chini ya lundo.

Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu, na atukinge na kudanganya na kudanganywa. Amin.