Fimbo Ifuate Mwili: Urefu wa Puta kwa Mchezaji wa Kimo Kirefu

Bila shaka umewahi kumwona mtu mrefu akilima kwa jembe lenye mpini mfupi. Baada ya mistari miwili anasimama, anashika kiuno, anatazama jua limefika wapi. Wapita njia husema ni mvivu. Lakini ukimpa mpini unaomfaa, mtu yule yule analima mpaka saa sita bila manung'uniko. Kumbe shida ilikuwa ni mpini.

Katika ukurasa huu tungependa kuzungumza juu ya fimbo nyingine yenye shida kama hiyo. Ni puta, ile fimbo ya gofu inayotumiwa kusukumia mpira shimoni. Pengine utauliza, gofu inatuhusu nini sisi? Inatuhusu, kwa sababu kando ya viwanja vingi vya gofu hapa Kenya kuna mitaa na vijiji ambavyo vijana wake hupata riziki wakiwa makedi, yaani wabeba fimbo. Wengi wao hujifunza kucheza, na wachezaji wetu kadhaa wa kulipwa walianzia hapo hapo kwenye kubeba mfuko. Vijana hawa huanza na fimbo za kupewa au za kununua zikiwa zimetumika. Fimbo ya namna hiyo ilipimwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Kijana aliyetaka kuacha

Mwaka mmoja tulikuwa tukikutana na kikundi cha makedi kuhusu mambo ya kuweka akiba. Kijana mmoja hakuwa akikaa kwenye benchi. Alisimama ukutani mkutano mzima. Ana kimo cha futi 6 na inchi 4, hivi kwamba kila mlango wetu ni lazima auinamie. Tulipomwuliza kwa nini hakai, akasema, "Mwalimu, mgongo umekataa kabisa."

Tulidhani ni kazi ya kubeba mfuko kwa saa nne. Akasema hapana, mfuko ameuzoea. Kinachomwumiza ni mazoezi ya puta jioni. Alikuwa amepewa puta ya inchi 33 na mchezaji mmoja mwenye moyo mzuri, naye kila jioni aliinama juu yake karibu saa nzima. Kulikuwa na mashindano ya makedi mbele yake, lakini alikuwa ameanza kusema heri aache mchezo. Tena, mgongo huo huo ndio unaomlisha yeye na mama yake. Ukilala mgongo, mfuko utabebwa na nani?

Rafiki zake walikuwa wamemshauri arefushe puta mpaka inchi 38, kwa kuwa "wewe ni mrefu bwana, unahitaji fimbo ndefu." Alikuwa ameshaanza kukusanya pesa. Sisi wenyewe hatukujua chochote juu ya mambo haya, kwa hiyo tulifuatana naye kwa fundi wa fimbo. Mengi ya yanayofuata tulijifunza hapo.

Kwa nini puta ni jambo kubwa

Uwanja wa kawaida wa gofu una mashimo 18, na mara nyingi hesabu yake ni mipigo 72. Hesabu hiyo humpa mchezaji mipigo miwili ya puta kwa kila shimo. Mara 18, ni mipigo 36, yaani nusu ya mchezo wote. Kwa hiyo fimbo hii ndogo, ambayo haipigi mpira mbali, ndiyo hutumika kuliko nyingine zote.

Puta nyingi za dukani huwa na urefu wa inchi 33 mpaka 35, ambazo ni kama sentimita 84 mpaka 89. Urefu huo hupimwa kutoka juu kabisa ya mshiko, kufuata mpini, hadi chini ya kichwa cha fimbo. Mtu wa kimo cha wastani anaweza kuichukua ilivyo na akaendelea. Mtu mrefu akiichukua hivyo hivyo, mara nyingi mwili wake ndio unaojikunja ili kuifuata.

Kosa la kwanza: kupima kimo peke yake

Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata wale waliozoea mchezo. Wanamwangalia mtu kutoka utosini hadi kwenye visigino, kisha wanataja inchi. Lakini puta haishikwi kwa kichwa, inashikwa kwa mikono. Kinachotakiwa kujulikana ni umbali kati ya mikono na ardhi mtu akiwa ameinama kidogo kwa namna inayomstarehesha.

Watu wawili wanaweza kuwa na kimo kimoja cha futi 6 na inchi 3. Mmoja ana mikono mirefu inayokaribia magoti, mwingine ana miguu mirefu na mikono mifupi. Huyu wa pili atahitaji puta ndefu zaidi. Yule wa kwanza huenda akatosheka na inchi 35. Kwa wastani, watu wa futi 6 na inchi 2 kwenda juu wengi hujikuta kati ya inchi 35 na 37. Lakini huo ni mwanzo tu wa kutafuta, usiuchukue kama amri.

Pia kuna mazoea ya mtu. Michelle Wie wa Marekani, mwanamke mwenye kimo cha futi 6, alishinda mashindano ya wazi ya wanawake ya Marekani mwaka 2014 akiwa ameinama mpaka mgongo wake umelala karibu kama meza. Wengi walishangaa, lakini mpira uliingia. Hatumshauri kijana wetu amwige, ila mfano huu unaonyesha kwamba kimo hakiamui kila kitu. Kwanza jua unavyosimama, ndipo uchague fimbo.

Namna ya kujipima

Kazi hii inahitaji watu wawili, futi ya kupimia, mpira mmoja, na mahali tambarare. Vaa viatu unavyochezea.

1. Simama bila fimbo, miguu ikiwa wazi kiasi cha upana wa mabega. Legeza magoti kidogo.

2. Inama kutoka kwenye nyonga, si kutoka katikati ya mgongo. Mgongo ubaki umenyooka. Ukiweza kukaa hivyo dakika mbili huku ukizungumza bila kuhisi kuvutwa, umefika mahali pako.

3. Acha mikono ining'inie yenyewe chini ya mabega, kama kamba. Usiinyooshe kwa nguvu wala usiikunje sana. Sasa kutanisha viganja.

4. Weka mpira wa pili, au hata kijiwe, kwenye paji la pua kati ya macho, ukiachie. Pale kinapoanguka ndipo macho yako yanapotazama. Mpira wa gofu uwekwe hapo, au nje yake kidogo kabisa, yaani mbali kidogo na miguu yako.

5. Mwenzako apime kuanzia inchi moja juu ya mkono wako wa juu, akishuka kwa mshazari kama mpini unavyolala, hadi ardhini nyuma ya mpira. Asipime wima.

6. Rudia mara tatu, ukitembea kidogo kila mara. Vipimo vikipishana sana, bado hujapata msimamo wako. Vikikaribiana, chukua cha katikati.

Kama huna uhakika, tafuta mti wa ufagio, ukate kwa kipimo hicho, ujaribu nao nyumbani siku kadhaa. Mti wa ufagio ukiharibika hakuna hasara.

Dalili za fimbo isiyokufaa

Fimbo ikiwa fupi mno, kiuno na nyuma ya mapaja huanza kuuma baada ya dakika kumi. Kichwa cha mchezaji huvuka mbele mpaka macho yanatazama upande wa pili wa mpira. Asipotaka kuinama, mikono hubaki juu, na kisigino cha puta huinuka huku ncha yake ikigusa nyasi.

Fimbo ikiwa ndefu mno, viwiko hujikunja na kurudi mbavuni. Mchezaji husimama mbali na mpira, macho yake yakiwa ndani ya mstari. Ncha ya puta huinuka hewani, na sehemu ya juu ya mshiko hukwama kwenye shati au tumboni. Ndiyo sababu tunasema, mtu mrefu pia anaweza kudhurika kwa fimbo ndefu.

Ukiona puta hailali sawasawa chini, usikimbilie kulaumu urefu tu. Mpini hushuka kwa mshazari, na mshazari huo unaweza kurekebishwa na fundi mwenye kifaa chake. Kanuni za gofu zinataka mpini uinamie kando angalau nyuzi 10 kutoka kwenye wima, kwa hiyo hata mtu mrefu namna gani haruhusiwi puta iliyosimama wima kama nguzo. Tafadhali usikunje puta nyumbani kwa nyundo. Kuna vichwa vya chuma laini vinavyokubali, na kuna vingine ambavyo huvunjika mara moja.

Kurefusha na kukata

Kurefusha puta ya mpini wa chuma si kazi kubwa. Fundi hutoa mshiko, huingiza kipande cha nyongeza ndani ya mdomo wa mpini, hukibana kwa gundi kali, kisha akishakauka huweka mshiko mpya. Kwa kuwa mpini umesimama karibu wima, kila inchi unayoongeza huinua mikono karibu inchi nzima. Kwa hiyo hata nusu inchi mgongo utaisikia.

Lakini kumbuka, ukirefusha mpini, kichwa cha fimbo huonekana kizito zaidi mkononi, hata kama hukuongeza uzito wowote pale chini. Ukikata, kichwa huonekana chepesi, na huenda ikabidi kubandika utepe mdogo wa risasi ili kurudisha uzito. Baada ya mabadiliko yoyote, mpira utakwenda mbali au karibu kuliko ulivyozoea. Jipe wiki mbili za mazoezi kabla hujasema fimbo ni mbaya.

Kwa mwenye puta ndefu, tunashauri asikate mara moja. Kwanza aishike chini kidogo siku chache, aone anavyojisikia. Kisha akate nusu inchi, ajaribu tena. Kilichokatwa hakirudi.

Vipi zile puta ndefu kama ufagio?

Vijana wengi wameona kwenye televisheni wachezaji wakisimama wima na puta inayofika kifuani, wakauliza kama hiyo si ndiyo dawa ya mtu mrefu. Zamani wengi waliegemeza mwisho wa fimbo hizo tumboni au kifuani. Keegan Bradley alishinda hivyo ubingwa wa PGA mwaka 2011, na Adam Scott wa Australia akashinda Masters mwaka 2013. Lakini tangu tarehe 1 Januari 2016, kanuni zinakataza kuegemeza fimbo mwilini wakati wa kupiga. Puta ndefu yenyewe haikukatazwa, mradi mkono wa juu uwe huru mbele ya kifua bila kugusana nacho. Fimbo nyingine hazitakiwi kuzidi inchi 48, lakini puta haikuwekewa mwisho huo. Lucas Glover wa Marekani alihamia puta ndefu mwaka 2023 baada ya miaka ya taabu, na mwezi wa Agosti mwaka huo akashinda mashindano mawili mfululizo.

Ni njia halali, na humwokoa mwenye mgongo mbovu. Lakini ni kama kujifunza upya, na fimbo yenyewe ni ghali. Kwa kijana mwenye mgongo mzima, tunaona heri aanze na puta ya kawaida iliyopimwa vizuri.

Tulichokuta kwa yule kijana

Fundi alimpima kijana wetu mara tatu. Ikapatikana inchi 35 na nusu. Sisi sote tulishangaa, yeye zaidi. Ana kimo kirefu, ndiyo, lakini mikono yake pia ni mirefu sana. Ile ya inchi 38 ingemtoa kwenye kuinama kupita kiasi na kumtia kwenye viwiko vilivyokunjwa. Angetumia akiba yake yote kununua shida nyingine. Badala yake, puta yake ya zamani iliongezwa inchi mbili na nusu, na pesa zikabaki.

Je, alishinda mashindano? Hapana. Alikosa mipira mingi kwa sababu uzito wa kichwa ulikuwa mgeni kwake. Lakini jioni ile alifanya mazoezi mpaka giza likaingia, na asubuhi yake akabeba mfuko kama kawaida. Mkutano uliofuata alikaa kwenye benchi pamoja na wengine.

Wazazi na viongozi wa vikundi, kijana akikuambia mgongo unamwuma, usiharakishe kumwita mvivu. Mwambie alete fimbo yake, au jembe lake, au kiti anachokalia kazini. Chukua futi, pima kutoka mikononi hadi chini. Mwili hauwezi kuongezwa wala kukatwa, lakini mpini unaweza.