Bakshishi ya Mchora Tatuu Marekani: Utoe Ngapi, na Juu ya Bei Ipi

Ijumaa ikiangukia tarehe 13, maduka mengi ya tatuu Marekani huwa na foleni inayofika barabarani. Ukutani hubandikwa karatasi ya michoro midogo midogo: fuvu, paka mweusi, namba 13 yenyewe. Bei ya jadi ya siku hiyo ni dola 13. Mgeni hutoa dola 13 akadhani amemaliza. Wenyeji hutoa 20, yaani 13 za mchoro na 7 za bakshishi, kwa kuwa 7 inasemekana kuondoa nuksi ya 13. Aliyeipa desturi hii nguvu ni Oliver Peck, mchoraji wa Dallas, Texas, ambaye Ijumaa ya tarehe 13 Juni 2008 alichora tatuu 415 ndani ya saa 24. Siku hizi maduka mengi yamepandisha bei hadi dola 31 na zaidi, lakini itazame ile hesabu ya zamani: dola 7 juu ya 13 ni zaidi ya nusu ya bei, na hakuna anayenung'unika. Kila aliyepanga foleni anajua tangu nyumbani kwamba atatokwa na 20.

Manung'uniko ni ya siku za kawaida, pale bei inapotajwa na bakshishi haitajwi.

Mkenya au Mtanzania aliyehamia Dallas au Minneapolis hugongana na jambo hili akiwa na mazoea yake. Nairobi na Dar es Salaam mtu hupatana kwanza: mchoraji anataja bei, mteja anashusha, wanakutana katikati, arubuni inatumwa kwa simu na salio linalipwa siku ya kazi. Ukimwongezea kitu ni ukarimu wako tu. Marekani mambo yamegeuzwa. Kushusha bei ya mchoraji ni kumdharau. Akisema 500 ni 500, na ukitaka nafuu unaomba mchoro upunguzwe ukubwa au rangi. Lakini ukishalipa hiyo 500 isiyoshuka, unatarajiwa kuipandisha mwenyewe. Mtu wa Pwani labda hatashangaa sana, maana kwenye shughuli mwimbaji wa taarabu hutuzwa juu ya malipo aliyokwisha kupatana na mwenye harusi. Ila mtuzaji wa taarabu huinuka kwa raha zake, tena anataka aonekane. Hageuziwi tableti yenye vitufe vya asilimia huku mtoza fedha akijifanya anatazama dirishani.

Kiwango kinachokubalika katika miji mingi ni asilimia 20 ya bei ya kazi. Asilimia 15 hupokewa bila kinyongo, 25 ni ya mtu aliyefurahi kweli, na chini ya 10 mchoraji ataelewa kwamba una lalamiko. Si sheria, na hakuna wa kukushika mkono ukitoka bila kutoa. Hata hivyo nashauri uihesabu kama sehemu ya bei tangu siku ya kwanza, kwa sababu hivyo ndivyo upande wa pili unavyoihesabu.

Angalia fedha inakokwenda. Tuseme mchoraji anatoza dola 180 kwa saa, na kazi yako ya mkononi imechukua saa 3: jumla 540. Ikiwa anafanya kazi kwa mgawo, mwenye duka huchukua kati ya asilimia 40 na 50, na mchoraji anabaki na 270 au 324. Mara nyingi katika hizo ndimo zinamotoka sindano, wino, glavu na karatasi za kufunikia meza, na pia jioni aliyoketi kukuchorea mfano ambao hukuulipia. Wengine hawagawani na mtu. Hulipa kodi ya kiti kila wiki au kila mwezi, kazi iwepo isiwepo. Asilimia 20 ya 540 ni dola 108, na kwa kawaida hiyo haikatwi mgawo. Ndiyo maana mchoraji aliyepata 270 huiona 108 kuwa ni nyingi kuliko unavyoiona wewe uliyelipa 540.

Nasema kwa kawaida, kwa sababu wachoraji wengi si waajiriwa bali hujitegemea chini ya dari la mtu mwingine. Sheria ya shirikisho inamkataza mwajiri kushika bakshishi ya mwajiriwa wake, lakini anayejitegemea analindwa na mkataba aliotia saini tu. Ukitaka kujua, muulize mchoraji mwenyewe, si aliyeko mezani: "Nikiongeza kwenye kadi, inakufikia yote?" Swali hilo halimuudhi mtu.

Na mwenye duka akichora mwenyewe? Kuna kanuni ya zamani, iliyotoka saluni za nywele, kwamba mwenye mali hapewi bakshishi kwa sababu bei yote ni yake. Kanuni hiyo imechakaa. Mwenye duka naye analipa kodi ya jengo na bima, na wateja wake wengi humpa sawa na wengine. Mimi ningeshuka hadi asilimia 15 kwake bila kuona haya, hasa kama saa yake ni ghali kuliko ya vijana wake.

Sasa arubuni, ambapo wateja wengi hukosea pasipo kukusudia. Ili kushika nafasi hulipa dola 50 au 100 wiki kadhaa kabla. Fedha hiyo hairudishwi ukikosa kuja, lakini ukija hukatwa kwenye bei. Kwa kazi yetu ya 540 ukiwa umetanguliza 100, siku ya mwisho tableti itaonyesha 440. Ukibonyeza kitufe cha 20, itapiga hesabu juu ya 440 na kutoa 88. Bakshishi sahihi ni 108. Mchoraji hatasema neno, lakini dola 20 zimepotea njiani, na wewe unaondoka ukiamini umetimiza desturi. Kosa la upande wa pili nalo lipo: katika majimbo yanayotoza kodi ya mauzo kwenye tatuu, Ohio ikiwa mojawapo, baadhi ya mashine hupiga asilimia juu ya jumla iliyokwisha kutiwa kodi. Hakuna sababu ya kuitolea serikali bakshishi. Chukua bei ya kazi, kamili, kabla ya kodi na kabla ya kukatwa arubuni, kisha andika kiasi mwenyewe kwenye sehemu ya kiasi kingine. Asilimia 20 haihitaji kikokotoo: ondoa tarakimu ya mwisho, zidisha kwa mbili.

Taslimu au kadi? Wachoraji wengi wanapenda taslimu, na si kwa sababu ya kukwepa kodi tu kama watu wanavyodhani. Kampuni za malipo ya kadi hukata karibu asilimia 3, kwa hiyo 108 yako inafika ikiwa chini ya 105, tena pengine baada ya siku mbili. Noti zinafika zote, hapo hapo. Kuhusu kodi yenyewe mambo yamebadilika: sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inamruhusu mfanyakazi wa kazi zenye desturi ya bakshishi kuondoa hadi dola 25,000 za bakshishi katika mapato yanayokatwa kodi ya mapato ya shirikisho, kwa miaka 2025 hadi 2028, na punguzo hilo hupungua kwa wenye kipato kikubwa. Wachora tatuu na watoboaji mwili wamo katika orodha ya kazi hizo iliyotolewa na Wizara ya Fedha. Sharti mojawapo linakuhusu wewe: bakshishi lazima iwe ya hiari. Duka likiandika asilimia 20 ya lazima kwenye risiti, mbele ya sheria hiyo ni ada ya huduma, na mchoraji haipati nafuu ile. Kwa hiyo ukikuta ada ya namna hiyo imekwisha tiwa, usiongeze nyingine juu yake kwa woga. Uliza kwanza inakwenda kwa nani.

Asilimia huwa nyepesi kwenye kazi ndogo na nzito kwenye kubwa. Katika miji mikubwa maduka mengi yana bei ya chini kabisa, mara nyingi dola 80 hadi 150, hata kama unataka herufi moja tu kifundoni mwa mguu. Kwa mchoro wa dola 100, tofauti ya 15 na 20 ni dola 5. Toa 20 uende zako. Lakini mkono mzima, kutoka bega hadi kiwiko na kushuka hadi kifundo, unaweza kuchukua vikao 6 vya saa 4. Kwa dola 180 kwa saa, kila kikao ni 720 na kazi yote 4,320. Asilimia 20 ni 864, asilimia 15 ni 648. Dola 216 katikati yake si za kuchezea kwa mtu anayetuma fedha nyumbani kila mwezi. Hapa sioni aibu ya 15, mradi itolewe kila kikao badala ya kuahidiwa ya mwisho. Mteja anayesema atamalizia yote siku ya mwisho anamwomba mchoraji amkopeshe, na baadhi ya wateja hao, ngozi ikishauma vya kutosha, hawarudi kikao cha nne.

Njia bora kuliko zote ni kuianza hesabu kinyume. Usiulize kwanza mchoro ni bei gani. Amua una dola ngapi zote, kisha gawanya kwa 1.2. Mwenye 600 anatafuta mchoro wa 500. Mwenye 300 anatafuta wa 250. Mwambie mchoraji hiyo 250 wazi wazi, atakuambia ukubwa unaowezekana. Anayejaza 600 zote kwenye mchoro, kisha akafika mezani akitafuta maneno ya kujieleza, amenunua inchi mbili za wino ambazo hakuwa na uwezo nazo.

Kwingine duniani desturi hii hailazimishi hivyo. Uingereza mteja hujumlisha juu hadi namba kamili, au huacha pauni 10 au 20 akifurahi, na asipoacha hakuna anayemkunjia uso. Japani bakshishi si desturi kabisa, na kusukuma noti mkononi mwa mchoraji kunaweza kumtia haya. Kinywaji au vitafunio hupokewa vizuri zaidi. Msafiri anayepachika asilimia 20 ya Marekani kila anapokwenda hafanyi ukarimu mkubwa kuliko wenzake, anavuruga bei za watu tu.

Kuna vitu visivyo fedha ambavyo mchoraji huvithamini. Kikubwa ni picha ya tatuu iliyokwisha kupona. Siku ya kazi ngozi imevimba na kila mstari unaonekana mweusi ti. Mteja mpya anataka kuona ikoje baada ya miezi, na wachache hukumbuka kutuma. Picha hiyo, pamoja na rafiki utakayempeleka, ina faida ya kweli kwa biashara yake. Lakini hailipi kodi ya kiti Ijumaa hii, kwa hiyo iende pamoja na noti.

Na kazi ikiwa mbaya? Wakati wa kusema ni kabla ya sindano. Mchoraji hubandika kwanza nakala ya zambarau kwenye ngozi. Ikikaa upande au jina likikosewa herufi, hufutwa kwa spiriti na kubandikwa upya, mara tatu ikibidi, bila malipo. Simama mbele ya kioo, isome herufi kwa herufi, nyosha mkono, kunja mkono. Anayenyamaza hapo kisha akapunguza bakshishi baada ya saa 3 hakuwasilisha lalamiko lolote, maana mchoraji atadhani ni ubahili. Lakini mchoraji aliyechelewa saa nzima bila taarifa, au aliyeshika simu kwa glavu zile zile anazochorea, mwambie sababu na usitoe kitu. Huyo wa glavu usingoje hata amalize.

Marekebisho ya wiki chache baadaye, pale wino ulipotoka sehemu ndogo wakati wa kupona, hufanywa bure na maduka mengi. Bure hiyo haina bei ya kupigia asilimia, na ndiyo maana wengi huondoka na asante tupu. Mchoraji ametumia sindano mpya na nusu saa ambayo angemchora mtu mwingine. Dola 20 zinatosha. Kama amekaa nawe saa nzima, 40.