Ufichuzi wa Ushahidi wa Kielektroniki: Wajibu wa Idara ya Sheria Katika Kampuni Kubwa

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kampuni kubwa za leo, daftari si rundo la karatasi tena. Ni barua pepe, majedwali ya hesabu, jumbe za rununu na kumbukumbu zilizohifadhiwa katika tarakilishi. Kesi inapozuka, daftari hilo huitwa mahakamani. Makala haya yananuia kueleza jinsi idara ya sheria ya kampuni inavyopaswa kulihifadhi, kulichambua na kuliwasilisha. Mfano utakaotuongoza ni kesi ya Laura Zubulake dhidi ya kampuni ya UBS Warburg, iliyosikilizwa New York, Marekani.

Maana ya Ufichuzi

Katika mfumo wa sheria wenye asili ya Uingereza, mdaawa huwa na wajibu wa kumwonyesha mwenzake nyaraka zinazohusu kesi kabla ya kusikilizwa, ziwe zinamfaa au zinamdhuru. Istilahi 'ugunduzi' ingeweza kutumika hapa, lakini ugunduzi ni kazi ya anayetafuta. Tumechagua 'ufichuzi' kwa sababu mzigo mkubwa humwangukia aliye na kitu mkononi.

Ushahidi wa kielektroniki una sifa tatu zinazoutofautisha na karatasi. Kwanza, ni mwingi mno. Ujumbe mmoja ukipelekwa kwa watu 20 huzaa nakala 20. Pili, hubeba taarifa fiche kuhusu aliyeandika faili na wakati ilipobadilishwa. Tatu, unaweza kufutika bila mtu yeyote kunuia, kwa kuwa kanda za akiba hurudiwa kutumika na mitambo hupangwa ifute jumbe kuukuu.

Kesi ya Zubulake

Zubulake alikuwa muuzaji wa hisa. Mnamo Agosti 2001 alilalamika rasmi kuwa alibaguliwa kwa sababu ya jinsia yake. Oktoba mwaka huo akaachishwa kazi, na mwaka wa 2002 akaenda mahakamani. Kampuni ilipotakiwa kutoa barua pepe zilizohusu jambo hilo, ilitoa takriban kurasa 100. Ajabu ni kwamba Zubulake mwenyewe alikuwa na takriban kurasa 450. Ilidhihirika kuwa palikuwa na jumbe ambazo hazijatolewa.

Mwaka wa 2003, Jaji Shira Scheindlin aliamuru kanda tano za akiba zifufuliwe kwa majaribio. Humo zilipatikana jumbe zipatazo 600 zilizohusiana na kesi. Baadaye aliamua kuwa gharama ya kufufua kanda zilizosalia igawanywe: kampuni ilipe asilimia 75 na mlalamikaji asilimia 25.

Swali zito zaidi lilikuwa hili: wajibu wa kuhifadhi huanza lini? Jaji alieleza kuwa huanza pale mtu anapotarajia kesi, si pale anapopokea hati ya mashtaka. Katika UBS, wahusika walikwisha kutarajia kesi tangu Aprili 2001, miezi minne kabla ya lalamiko rasmi. Mawakili waliwaonya wafanyakazi wasiharibu chochote, lakini baadhi yao walifuta jumbe, na baadhi ya kanda zikapotea. Katika uamuzi wa Julai 2004, Jaji alisema kuwa onyo pekee halitoshi. Wakili sharti afuatilie hadi ahakikishe limetekelezwa. Jopo la waamuzi liliruhusiwa kuchukulia kuwa jumbe zilizopotea zingeidhuru kampuni. Aprili 2005, jopo hilo lilimpa Zubulake zaidi ya dola milioni 29.

Hatua za Utekelezaji

Kutokana na kesi hii, idara ya sheria inaweza kujiwekea utaratibu ufuatao.

Kwanza, itoe agizo la uhifadhi kwa maandishi punde inapotarajia kesi, na ilirudie mara kwa mara. Pili, izungumze ana kwa ana na wahusika wakuu ili ijue kila mmoja huweka wapi kumbukumbu zake. Tatu, ishirikiane na mafundi wa mitambo ili ufutaji wa kawaida usitishwe. Nne, ikusanye nakala bila kuharibu taarifa fiche. Tano, isome na kuchambua, ikitenga mawasiliano ya siri baina ya wakili na mteja. Hatimaye, iwasilishe.

Hatua ya usomaji ndiyo ghali kupita zote. Utafiti wa shirika la RAND wa mwaka wa 2012, uliochunguza kesi 57 za kampuni nane kubwa, ulionyesha kuwa usomaji ulimeza takriban asilimia 73 ya gharama. Ndiyo maana programu za kuchambua nyaraka zimepata nafasi katika kazi hii.

Sheria Zilizofuata

Kanuni za mahakama za shirikisho la Marekani zilirekebishwa Desemba 2006 ili zitaje waziwazi taarifa za kielektroniki. Marekebisho ya Desemba 2015 yalilegeza adhabu: dhana kuwa jumbe zilizopotea zilikuwa na madhara sasa huhitaji ithibitike kuwa mdaawa alidhamiria kumnyima mwenzake ushahidi.

Nchini Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi hukubali kumbukumbu za kielektroniki kwa masharti, likiwamo la cheti kinachoeleza jinsi zilivyotolewa. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 huitaka kampuni isihifadhi taarifa za watu kupita muda unaohitajika. Hivyo basi, idara ya sheria hutembea baina ya wajibu mbili: kutofuta mapema na kutolimbikiza bila sababu.

Hitimisho

Ufichuzi si kazi ya mafundi peke yao. Ni suala la haki. Mfanyakazi mmoja akishindana na kampuni yenye maelfu ya watu, ukweli wa madai yake mara nyingi umo ndani ya mitambo ya mpinzani wake. Ukifutwa, hakimu mwadilifu kuliko wote hana la kupima. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika jambo hili, ufa huzibwa siku ya kwanza ya kutarajia kesi.