Chumba cha Bibi Salme



Wapendwa wasomaji, wageni wengi wa Bagamoyo hupitia makumbusho ya Kikatoliki, katika nyumba ya zamani ya masista, wakajifunza habari za watumwa waliokombolewa. Safari hii tunawaalika mvuke maji hadi Unguja. Kasri ya zamani ya masultani, Mji Mkongwe, ilifanywa makumbusho mwaka 1994, na ndani yake kilitengwa chumba kwa ajili ya Bibi Salme. Anayezijua habari zake huyaelewa zaidi hata ya Bagamoyo.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Baba yake alikuwa Sultani Seyyid Said. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa, akawa suria wa sultani. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa namna hiyo huzaliwa huru, hivyo Salme alikuwa binti mfalme kamili. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma tu. Yeye alijifunza kuandika kwa siri. Kalamu hiyo ilimponza. Mwaka 1859 alimwandikia barua kaka yake Barghash katika njama dhidi ya Sultani Majid, na njama ikashindwa.

Baadaye alipendana na Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani, akapata mimba. Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa Kianglikana kwa jina la Emily, na siku ileile akafunga ndoa. Wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Mwaka 1886 alichapisha kitabu cha maisha yake. Alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Je, tushangilie kwamba binti wa sultani alibatizwa? Tusiharakishe. Katika kitabu chake anakiri kwamba aliondoka kwao akiwa Mwislamu mwema, lakini Ukristo wake haukupata uthabiti ule. Ubatizo na ndoa kwa siku moja, ugenini, bila jumuiya ya kumpokea: mzigo huo ni mzito kwa yeyote. Ndiyo maana Kardinali Lavigerie alidai miaka minne ya ukatekumeni kwa wamisionari wake, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaurudisha ukatekumeni wa hatua kwa hatua. Tunaofundisha wakatekumeni parokiani, hasa wanaokuja kwa sababu ya ndoa, tumkumbuke Salme kabla ya kufupisha mafundisho.

Kuna jambo la pili, nalo linauma. Binti huyu wa mama aliyeuzwa aliutetea utumwa katika kitabu hichohicho. Mwaka 1868, mwaka mmoja baada ya ubatizo wake, Padre Horner na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza misheni ya Bagamoyo, wakawapokea watoto waliokombolewa utumwani. Lakini nasi tusijisifu mno: waliokombolewa waliendelea kufanya kazi katika mashamba ya misheni chini ya ratiba kali ya mapadri.

Basi, mkivuka kwenda Unguja, kikumbukeni chumba kile. Mkirudi Bagamoyo, pitieni makumbusho tena. Maji ya ubatizo humfanya mtu kiumbe kipya, lakini macho ya kumwona mtumwa kuwa ndugu yanahitaji kufunguliwa kila siku, yake na yetu.