Je, Wajua? Kompyuta na mji wa Same

Je, wajua kwamba mji wa Same, pale chini ya Milima ya Upare, una jina ambalo programu kadhaa za utafutaji huagizwa zilitupe kabla hata hazijaanza kazi? Kwa Kiingereza herufi hizohizo nne zina maana ya "ileile", na neno hilo limo kwenye orodha za maneno ya kupuuzwa, pamoja na kina "the", "and" na "very". Ukiandika Same peke yake, unajibiwa kwamba hakuna kitu, na huku kumbukumbu zinazoutaja mji zimejaa tele humo ndani.

Wazo la kupuuza maneno lina umri. Mwaka 1958 Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM alichapisha makala kuhusu mashine ya kufupisha maandishi, akayahesabu maneno yanayojirudia mno kuwa kelele tu. Kwa Kiingereza hesabu ilikubali. Tatizo ni kwamba orodha hizo zilisafiri na programu hadi kwenye lugha na nchi ambazo watungaji hawakuzifikiria.

Mfano ulio wazi ni MySQL, programu ya hifadhidata inayotumika duniani kote. Mfumo wake wa zamani, MyISAM, uliokuwa chaguo la kawaida hadi 2010, una orodha ya maneno zaidi ya 500 ya kupuuzwa, na "same" limekaa katikati ya "said" na "saw". Fundi anayeshuku hilo ajaribu Hedaru, mji mdogo wa wilaya hiyohiyo. Hedaru ikipatikana na Same ikakosekana, hifadhidata ni nzima; ugonjwa uko kwenye orodha. Dawa yake ni kuielekeza programu kwenye orodha tupu, kuiwasha upya, kisha kuijenga faharasa upya. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu huisahau, halafu wanalalamika kwamba dawa haifanyi kazi.

Na Pare je? Hapa kuna kituko zaidi. Katika utafutaji wake wa kawaida, MyISAM hulipuuza pia neno lolote linalopatikana katika nusu au zaidi ya kumbukumbu zote, ikidhani halisaidii kutofautisha. Kwa hiyo ukikusanya habari za Upare tupu, kila moja ikiwa na neno Pare, kisha ukatafuta Pare, utaambiwa hakuna! Kwa sababu hiyohiyo, anayeijaribu MyISAM kwa kumbukumbu mbili tu hapati jibu hata aandike nini: neno lililomo katika moja kati ya mbili tayari limefika nusu.

Mfumo wa InnoDB uliofuata haunao ukomo huo wa nusu, na orodha yake ina maneno 36 tu, Same imesalimika.

Kiswahili kina mtego wake pia. Neno letu hubadilika mwanzoni: Mpare, Wapare, Kipare, Upareni. Alama ya nyota ya MySQL, inayowakilisha herufi zozote zinazofuata, hukaa mwisho wa neno, kwa hiyo "Pare*" haimpati Mpare wala Kipare. Itakubidi uyaandike yote, moja baada ya jingine.

Wakati mwingine kompyuta haina kosa lolote. Sarufi ya Kipare aliyoiandika Ernst Kotz, mmisionari Mjerumani, ilitoka Berlin mwaka 1909 ikiwa na neno "Chasu" kwenye jina lake, yaani lugha hiyo kama wenyewe wanavyoiita. Katika orodha ya kimataifa ya lugha imesajiliwa kama Asu, kwa alama "asa". Ukitafuta "Kipare" kwenye katalogi ya maktaba ya Ulaya, kitabu hicho kinaweza kukupita hivihivi.

Na hata Same ikishaanza kupatikana, usishangae kuletewa matrekta. SAME ni kampuni ya Italia iliyoanzishwa 1942. Pia kuna mji mwingine uitwao Same kule Timor ya Mashariki. Ongeza neno la jirani kwenye kisanduku: Same Kilimanjaro, Same Mkomazi, Same Hedaru.