Injini ya ioni na kelele zisizosikika (Sehemu ya pili)

Makala iliyopita ilieleza jinsi injini ya ioni inavyosukuma chombo cha angani: gesi ya zenoni hutiwa chaji ya umeme, kisha chembe zake hufyatuliwa nyuma kwa kasi kubwa. Msukumo wenyewe ni mdogo wa kuchekesha. Injini ya Deep Space 1, chombo kilichorushwa na NASA Oktoba 24, 1998, ilikuwa na nguvu ya milinyutoni 92 tu, takriban uzito wa karatasi mbili za kuandikia zilizolazwa kiganjani.

Injini hiyo pole, hata hivyo, ina kelele. Si za masikio. Ni mawimbi ya sumakuumeme, na ya kwanza kusumbuliwa nayo ni redio ya chombo chenyewe.

Ndani ya injini mna plazima, yaani gesi iliyopasuliwa ikawa ioni na elektroni, na plazima haijui kutulia. Katika injini za aina ya Hall, zilizoenea sana kwenye setilaiti, mkondo wa umeme hupanda na kushuka mara elfu kumi na zaidi kwa sekunde, mithili ya mtu anayehema. Juu ya mhemo huo elektroni hutoa mawimbi yanayofika hadi kwenye gigahezi kadhaa. Huko ndiko ziliko ishara za GPS na amri zinazotumwa na vituo vya duniani. Ishara iliyosafiri kilomita 36,000 kutoka duniani hadi kwenye setilaiti hufika imechoka. Kelele kidogo tu yaweza kuifunika.

Kazi iko kwenye kuzipima kelele hizo. Injini hii haifanyi kazi penye hewa, hivyo huwekwa ndani ya tangi lililofyonzwa hewa. Matangi mengi ni ya chuma, na chuma hurudisha mawimbi: kupima humo ni sawa na kupima mlio wa ngoma ukiwa ndani ya pipa. Wataalamu wa Aerospace Corporation, jimboni California, walipata ufumbuzi wa werevu kweli, tangi la faibaglasi, malighafi ileile inayoundiwa boti. Faibaglasi huzuia hewa lakini hupitisha mawimbi ya redio. Nje ya tangi kuna chumba chenye kuta zinazomeza mawimbi, na antena husimamishwa humo. Kwanza hupimwa injini ikiwa imezimwa, ili kelele za pampu zisije zikasingiziwa injini.

Deep Space 1 yenyewe ilibeba vipima-sumaku na antena za kuichunguza injini yake ikiwa safarini. Vipimo vilionyesha kuwa mawasiliano na dunia hayakudhurika. Septemba 2001 chombo kilipopita karibu na nyotamkia Borrelly, antena hizohizo, zilizoundwa kusikiliza injini, zilinasa vumbi la nyotamkia hiyo likigonga chombo.